Glavu ya Mkono wa Kulia

Wakiuru alikuwa bado anapuliza chai yake bibi harusi alipoingia ofisini bila kubisha hodi. Nywele zilikuwa zimesukwa tayari, kucha zimepakwa rangi, na miguuni alikuwa na malapa ya bafuni.

"Auntie, wameiba mkono ya Baba!"

"Mkono *wa* Baba," sauti yenye machozi ikasahihisha kutoka nyuma yake.

Wakiuru aliweka kikombe chini. Katika kazi yake ya upelelezi, kwanza akiwa polisi na sasa akiwa amejiajiri katika jumba hili la ghorofa moja karibu na soko la Nyeri, alikuwa ametafuta ng'ombe, waume waliotoroka na hata kengele ya kanisa. Mkono hakuwahi kutafuta. Alisikia furaha ikimpanda kifuani, akaificha haraka, maana mteja alikuwa analia.

"Keti, Wacera. Na wewe uliye nyuma, ingia ufunge mlango. Mkono gani?"

"Ya kulia," alisema Wacera.

"Wa kulia," alisema yule wa nyuma, akapenga kamasi.

Huyo wa nyuma alikuwa Shiku, binamu yake bibi harusi, mwanafunzi wa chuo anayesomea ualimu wa Kiswahili. Tangu aanze mwaka wa pili, ukoo mzima ulikuwa hauna raha. Hata sala ya kabla ya chakula aliisahihisha.

Wacera mwenyewe hakuwa mgeni kwa Wakiuru. Karakana yake ilikuwa kwenye ujia huohuo, mlango uliochorwa mkono mkubwa wa buluu, na kila aliyepanda ngazi zile alijua anachokitengeneza: glavu za kuingilia ulimwengu wa kompyuta. Unavaa miwani kubwa inayofunika nusu ya uso, unavaa glavu, na mikono yako inatokea mle ndani ikiwa ya buluu. Ukikunja kidole, cha mle ndani nacho kinajikunja. Ukishika kitu kisichokuwepo, vijimota vilivyoshonwa vidoleni vinakubana mpaka unaapa kwamba umekishika. Wakiuru aliwahi kujaribishwa. Alipewa ndizi ya kompyuta aimenye, akajikuta anatafuta pipa la kutupia maganda.

"Glavu ya kulia," alisema Wakiuru, akianza kuelewa. "Ile ya leo."

"Ile ya leo, Auntie. Harusi ni mchana, na glavu hakuna."

Mambo ya leo Wakiuru aliyajua, kwani kadi ya mwaliko ilikuwa imesimama hapo mezani. Baba yake Wacera, Mzee Ngatia, aliteleza kwenye mteremko wa majani chai wiki chache zilizopita akavunjika paja. Sasa alikuwa hospitalini Othaya, mguu umening'inizwa kwa vyuma, na daktari alikuwa amesema hasogezwi hata kwa harusi ya mfalme. Wacera alitaka kuahirisha. Mzee akakataa kata kata. Familia ya bwana harusi, Miriti, ilikuwa imeshatoka Meru na mbuzi wake, na mbuzi hawaambiwi warudi nyumbani wangoje mfupa uungane.

Ndipo Wacera akapata wazo. Mzee angelala kitandani Othaya akiwa na miwani na glavu, na mikono yake ingeonekana kanisani Nyeri kwenye kitambaa kikubwa kilichotundikwa ukutani. Yeye Wacera angevaa glavu nyeupe nyembamba, yenye mota zake. Mchungaji akiuliza nani anampeana binti huyu, Mzee angeushika mkono wa mwanawe na kuuweka juu ya mkono wa Miriti.

"Tulijaribu juzi," alisema Wacera. "Alinishika, Auntie. Mimi niko hapa, yeye ako Othaya, na alinishika vile alikuwa ananishika tukivuka barabara nikiwa mdogo. Kama hatanipeana yeye, siendi mbele. Nitakaa kwa mlango ya kanisa na hizi malapa."

Shiku alifungua mdomo. Wakiuru akamtazama. Shiku akafunga.

"Na ya kushoto haiwezi kazi hiyo?"

"Ya kushoto inasonga tu. Ya kulia ndiyo inafinya na ndiyo inatuma. Na hata kama ingeweza, Baba amekataa. Amesema mtoto hapeanwi na mkono ya kushoto, hata kwa kompyuta."

Wakiuru alichukua koti lake.

Kufuli ya karakana ilikuwa nzima na madirisha yamefungwa kwa ndani. Mezani palikuwa na kompyuta, miwani, glavu ya kushoto, na glavu nyeupe ya bibi harusi ndani ya kiboksi chake. Mahali pa glavu ya kulia palikuwa na alama tu kwenye vumbi. Wakiuru aliizunguka meza polepole. Mwizi aliyeacha kompyuta na miwani akabeba glavu moja, tena moja tu, alikuwa ama mwendawazimu au mtu aliyejua hasa anachotaka.

"Nani alikuwa hapa mara ya mwisho?"

"Mimi," alisema Shiku, akaanza kulia upya. "Jana jioni nilikuwa hapa nafunga maua. Akaja mtu wa bodaboda, Moffat, yule wa steji ya hapo chini. Akasema ametumwa glavu ya kulia. Nikampa."

"Ukampa tu?"

"Nilidhani ni Mjomba ameiitisha hospitalini, aizoee. Nyumba nzima inazungumzia glavu ya kulia tangu Jumatatu!"

"Alisema ametumwa glavu, ama alisema ya kulia?"

"Ya kulia. Hata nilimuuliza, 'Ya kulia pekee?' Akasema, 'Eeh, hiyo tu.' Nikaifunga kwa gazeti. Asubuhi tumepigia hospitali, hawajaona glavu wala Moffat."

Wakiuru alishuka hadi kwenye steji. Waendeshaji wenzake Moffat walikuwa wanafunga riboni nyeupe kwenye pikipiki zao, kwa kuwa wao ndio wangeusindikiza msafara wa bibi harusi. Moffat? Aliondoka jana jioni na mzigo mdogo, hajaonekana tena. Simu? Imezimwa. Alielekea wapi? Mmoja alinyoosha kidole kaskazini, mwingine kusini, wa tatu akauliza kama kutakuwa na pilau.

Aliporudi juu, alisimama mlangoni akahesabu kwa vidole.

"Moffat hakutaja glavu yoyote. Alitaja ile yenye kazi. Kwa hiyo aliyemtuma anaijua. Nani anajua kwamba ya kulia ndiyo yenye kila kitu?"

"Mimi, Shiku, Baba, Miriti," alisema Wacera. Kisha akatazama sakafu. "Na Jethro."

Jethro alikuwa mwenzake wa zamani. Walianza kazi pamoja kwenye meza hii, wakashona glavu ya kwanza kutoka kwa soksi za mpira, kisha wakakosana. Jethro alitaka glavu ziwe za michezo ya kompyuta, watu wapigane na mazimwi. Wacera alitaka ziwe za watu walio mbali kushikana mikono. Walitupiana maneno, Jethro akabeba vyombo vyake akahama, na kadi ya harusi hakupata.

"Anakaa wapi siku hizi?"

"Nyuma ya stendi. Lakini Auntie, Jethro hawezi."

"Hakuna mtu anaweza mpaka aweze," alisema Wakiuru, akaenda.

Alimkuta Jethro anapiga pasi shati jeupe kwenye kitanda. Chumba kilikuwa kimejaa nyaya, na kwenye meza ndogo palikuwa na kitu kimefunikwa kwa taulo. Jethro alipomwona Wakiuru, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye lile taulo.

"Unaenda wapi na shati hiyo?" aliuliza Wakiuru.

"Harusi."

"Umealikwa?"

"Hapana. Nilikuwa nataka kusimama huko nyuma. Kanisa si ya mtu."

"Jana jioni ulimtuma Moffat wa boda?"

"Moffat gani? Mimi hutembea kwa miguu."

"Chini ya hiyo taulo kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Wakiuru alishika pembe ya taulo. Jethro aliruka, pasi ikabaki juu ya shati, lakini alikuwa amechelewa. Chini palikuwa na glavu. Glavu ya kulia, yenye nyaya zilezile, mshono uleule wa buluu.

Wakiuru aliiinua glavu ile akaiweka juu ya kiganja chake. Haikufika hata nusu ya vidole vyake.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mtoto," alisema Jethro, masikio yamemwiva. "Si sasa. Wakipata. Mzee Ngatia akiwa Othaya na hao wakiwa Meru, mtoto atakuwa anashika kidole ya guka wake. Nilikuwa nataka kuwapea kama zawadi, niombe msamaha. Nilikuwa mjinga, Auntie. Mazimwi hayana maana."

Wakiuru alikuwa amehoji watu wengi waliokuwa na kitu chini ya taulo, na hii ilikuwa mara ya kwanza kutaka kumkumbatia mmoja wao. Badala yake alimwambia, "Shati yako inaungua."

Shati lilitoka na alama ya pasi mgongoni. Alipoelezwa kilichotokea, Jethro hakuuliza hata anashukiwa kwa nini. Aliuliza jambo moja tu.

"Iko na chaji?"

"Wacera aliichaji jana."

"Basi inatuma! Ndani kuna laini ya simu. Mahali popote iko na network, ikivaliwa, inatuma."

"Itatuambia iko wapi?"

"Hapana, hiyo hatukuweka. Tuligombana juu ya hiyo pia. Itatuambia tu inafanya nini."

Wacera na Jethro walipokutana mlangoni mwa karakana, kila mmoja alitaka kusema kwanza, wakagongana maneno. Wacera ndiye aliyecheka.

"Jethro, shati yako iko na pasi."

"Na wewe miguu yako iko na bafu."

Ikawa imetosha. Jethro alikaa mbele ya kompyuta, vidole vikaruka, na Wakiuru akavishwa miwani. Wengine wangeona kwenye kioo cha kompyuta, lakini yeye alitaka kuwa ndani, karibu na mshukiwa.

Kwanza palikuwa giza tupu. Kisha mkono wa buluu ukatokea mbele yake, peke yake, unasonga.

"Iko hai!" alipiga kelele Wacera. "Kuna mtu ameivaa!"

Mkono ulikuwa unashuka polepole. Kidole gumba na viwili vya kwanza vilibana kitu chembamba, vikakivuta juu, juu, bila kutetereka. Mkono ukageuka kidogo, kama wa mtu anayetazama kitu kwenye mwanga. Ukakaa hivyo. Kisha ukakirudisha palepale kilipotoka, ukasogea kando kidogo, ukabana kingine.

"Anavuta faili kwa kabati," alisema Jethro. "Ni mtu wa ofisi."

"Anatoa vyombo kwenye rafu," alisema Shiku.

"Anaharibu," alisema Wacera. "Anavuta mota zangu moja moja."

Wakiuru alinyoosha mkono wake mwenyewe akauiga ule wa buluu: bana, inua, geuza, rudisha. Alikuwa amejifunza zamani kwamba ukitaka kumjua mtu, fanya kazi yake kidogo. Alipofanya mara ya tatu aligundua kwamba alikuwa ameanza kupumua polepole. Huu haukuwa mkono wa mtu mwenye haraka. Ulikuwa mkono wa mtu asiyetaka kuamsha wengine.

Ghafla mkono wa buluu uliruka. Ulitikisika, ukakung'utwa, ukageuka ubapa ukabaki hewani kama unaotaka kuchapa. Haukuchapa. Ulishuka taratibu, ukarudi kwenye kazi yake, polepole kuliko mwanzo.

"Ameumia!" alisema Shiku.

"Ameumia na hakukasirika," alisema Wakiuru. "Hebu ngoja. Wacera, ile glavu nyeupe, ukiivaa ukafinya, yeye atasikia?"

"Atasikia."

"Ivae. Mfinye. Kidogo tu."

Wacera aliivaa, akafinya. Ndani ya miwani, mkono wa buluu uliganda. Vidole vilifunguka, vikapinda, vikageuka huku na huku kana kwamba vinajitazama. Wacera akafinya tena. Mkono ule ukanyooka mbele, ukaushika wa Wacera kwa heshima zote, ukapanda na kushuka, ukapanda na kushuka.

"Auntie," alinong'ona Wacera, "mwizi ananisalimia."

Jethro aliangua kicheko. Wakiuru alivua miwani, nywele zimemsimama, uso unang'aa.

"Huyo si mwizi. Mwizi hasalimii. Huyo ni mtu ambaye hajui ameshika nini. Sasa niambieni: ni kazi gani unainua kitu polepole, unakitazama kwenye mwanga, unakirudisha palepale, na ukiumwa huruhusiwi kukasirika?"

"Ndoa," alisema Jethro.

"Nyuki!" alisema Wakiuru. "Anatoa vibao vya mzinga kimoja kimoja. Ameumwa, akataka kupiga, akajizuia, maana ukiua mmoja wote wanakuja."

Furaha ikaingia chumbani, kisha ikatoka. Wafugaji wa nyuki walikuwa wamejaa Kieni nzima, kutoka Mweiga mpaka msituni. Wacera alitazama dirishani, ambako jua lilikuwa linapanda bila kumngoja mtu.

Wakiuru alikuwa anamtazama Shiku.

"Shiku, mwanangu. Tangu asubuhi umesahihisha kila mtu humu ndani. Uliponiambia maneno ya Moffat, uliniambia yalivyotoka kwake, ama yalivyofaa kutoka?"

Shiku aliona haya. "Yalivyofaa."

"Basi sasa nataka yalivyotoka. Usimpige pasi. Alisemaje?"

Ilikuwa wazi kwamba jambo hilo lilimuumiza Shiku.

"Alisema, 'Nimetumwa grovu ya kuria.'"

"Na ulipomuuliza?"

"Nilimuuliza, 'Ya kulia pekee?' Akasema, 'Eeh, ya Kuria tu. Ya wengine wacha.'" Aliziba mdomo kwa mkono. "Uuuwi. Kuria."

"Kuria," alisema Wakiuru.

"Kuria ni mtu!" alisema Wacera.

Wakiuru alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Chini ya jumba lile palikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo la Kinuthia, na Wakiuru hakuona haja ya kushuka alipokuwa na mapafu.

"Kinuthia! Kuna mtu anaitwa Kuria ameagiza grovu hapo kwako?"

"Kuria wa Endarasha?" sauti ikapanda. "Za nyuki? Ziko hapa zinamngoja! Aliniambia atatuma boda jana, lakini jana nilifunga mapema, nikaenda mazoezi ya kwaya!"

Wakiuru alirudi akaegemea mlango, juu ya ule mkono mkubwa wa buluu. Moffat alikuta duka limefungwa, akainua macho, akaona mkono wa buluu umechorwa mlangoni ghorofani, akadhani ni duka la glavu, akapanda. Akamkuta msichana ambaye sikio lake haliruhusu neno kupita likiwa na makosa. Naye Moffat kwa upande wake hakuwa mtu wa kutofautisha glavu ya mtu na glavu za mtu. Glavu ni glavu.

"Kwa hivyo ni mimi," alisema Shiku. "Ni mimi niliyeiba, kwa Kiswahili sanifu."

Wacera alimkumbatia huku analia na kucheka, na rangi ya macho ikawachafua wote wawili.

Jethro aliendesha gari kuukuu la Wakiuru, glavu za Kinuthia zikiwa kwenye kiti cha nyuma pamoja na miwani, glavu ya kushoto na kompyuta. Walipopita Mweiga mawingu yalikuwa yamefunguka, Mlima umetoka wote, na Jethro akaimba mpaka Endarasha. Alikuwa hajui kuimba.

Mzee Kuria walimkuta chini ya miti, mbele ya mizinga yake. Alikuwa amevaa kofia yenye wavu, mkono wa kushoto ameuvika soksi nzito, na wa kulia ulikuwa na nyaya na mota na mshono wa buluu, umejaa asali hadi kwenye kifundo. Kando, juu ya kigogo, Moffat alikuwa amekaa mdomo umefura, anatafuna sega.

"Karibuni! Karibuni!" Mzee alipiga kelele. "Mmeretwa na nani? Hii grovu ni kiboko! Rakini mriniretea moja."

"Guka, shikamoo," alisema Wakiuru. "Imekufaa?"

"Sana! Rakini iko na maneno. Asubuhi nikiwa kwa mzinga, mtu akanishika mkono. Hakuna mtu! Nikaangaria, hakuna. Akanishika tena. Nikasema, huyu ni mtu anataka saramu. Nikasarimia. Mimi sikataangi saramu ya mtu."

"Ulimsalimia bibi harusi," alisema Wakiuru, na akamweleza.

Mzee Kuria alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua glavu ile kwa uangalifu uleule aliotumia kwa nyuki. Alikuwa na wasichana wanne, alisema, na wote aliwapeana yeye mwenyewe, kwa mkono huu. Aliagiza maji ya moto.

Moffat alikuwa amejitayarisha kujitetea. "Mathe, mimi nilitumwa grovu ya Kuria, nikasema grovu ya Kuria, nikapewa grovu, nikaretea Kuria. Mvua ikanyesha, simu ikaisha chaji, nikarara hapa. Makosa yangu ni gani?"

Wakiuru alifikiri. "Hakuna. Wewe ndiye mtu pekee aliyefanya kazi yake sawasawa. Isipokuwa hiyo asali unakula bila ruhusa."

"Hiyo nyuki wameshanihukumu," alisema Moffat.

Wakiuru aliisafisha glavu mwenyewe, kidole baada ya kidole, kwa kitambaa na maji vuguvugu, huku Jethro ameshika kompyuta magotini. Waliijaribu. Kidole gumba, sawa. Cha shahada, sawa. Vyote vitano vilijikunja na kukunjuka, na kwenye kioo kila kimoja kikawaka kijani. Mzee Kuria aliongeza ndoo ndogo ya asali kwa maharusi, na Wakiuru akapiga simu Nyeri.

"Tumeipata. Vua malapa."

Yowe la upande wa pili lilimfanya aondoe simu sikioni.

Wadi ya Othaya ilikuwa imejaa kuliko kanisa. Wauguzi walikuwa wamesogeza vitanda, wagonjwa wenye magongo walikuwa wamepanga mstari ukutani, na Mzee Ngatia alikuwa ameketi kwa mito, juu amevaa koti na tai, chini shuka la hospitali, mguu umening'inia. Jethro alimvisha miwani. Wakiuru alimvisha glavu ya kushoto, kisha ya kulia.

"Inanuka moshi na asali," alisema Mzee.

"Imetembea, Mzee. Nitakueleza baadaye."

Simu ilikuwa kitandani, sauti imefunguliwa, na kutoka Nyeri zikaja ngoma, vigelegele, kisha utulivu. Sauti ya mchungaji ikauliza nani anampeana binti huyu.

"Ni mimi," alisema Mzee Ngatia. "Ngatia, baba yake."

Aliinyoosha mikono yake mbele, hewani, juu ya shuka. Kanisani watu waliguna kwa mshangao. Mkono wa kulia ulitafuta kidogo, ukapata, ukafunga. Kwenye simu walimsikia Wacera akivuta pumzi.

"Baba. Nimekusikia."

"Nami nimekusikia. Mkono wako ni baridi. Umekula?"

Kanisa lilicheka. Mchungaji akasema sasa Mzee auweke mkono huo juu ya mkono wa Miriti, na Mzee akausogeza polepole, akauweka. Mchungaji akangoja. Wote wakangoja.

"Mzee," alisema mchungaji kwa upole, "sasa unaweza kuachilia."

Mkono haukuachilia.

"Si mimi, Mchungaji," alisema Mzee Ngatia. "Ni glavu. Iko na asali. Imeshikana."

Kicheko kilisikika kutoka Nyeri, na wadi nayo ikacheka. Jethro alitupa macho kwenye kompyuta. Vidole vyote vitano vilikuwa vinawaka kijani. Alifungua mdomo kusema, na Wakiuru akamkanyaga mguu.

Aliutazama mkono wa Mzee, hapo karibu yake, umefungwa kwa nguvu zake zote. Chini ya miwani, machozi yalikuwa yanashuka hadi kwenye tai. Wakiuru hakuwahi kuficha ushahidi maishani mwake. Aliinamia simu.

"Ni kweli, Mchungaji. Hapa ni mpelelezi. Asali ya Endarasha ikiganda huchelewesha. Mpeni muda kidogo."

"Hakuna haraka, Baba," alisema Wacera.

Basi wakangoja, kanisa zima na wadi nzima, mpaka Mzee Ngatia alipofungua kidole kimoja, kisha kingine, na asali ikaisha.